Tone la Maji Kwenye Chumvi ya Moto

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi, baba aliondoka nyumbani na ng'ombe sita kwenda mnadani. Hakurudi. Ng'ombe nao hawakurudi, na mpaka leo sijui nani aliwauza wenzake. Nikaacha shule darasa la tatu, nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu kwa ujira wa maziwa, na siku nyingine ujira ulikuwa kuwatazama wenye ng'ombe wakiyanywa. Hapo ndipo shida zilipoanza. Nimezitaja mapema tumalizane nazo, maana najua ninyi vijana mnapenda mzee aanze kwa kulia.

Naandika kwa ajili yenu mliotoka vyuo vya ufundi juzi, mnaovaa ovaroli zenye mistari ya kung'aa na kupiga picha mmeshika spana kwa upande usio wake. Kazi yangu kwa karibu miaka arobaini ilikuwa kuvika chuma. Chuma kikiachwa uchi, kutu inakila. Kikiwekwa kwenye pampu ya matope ya dhahabu, mchanga unakila kabla hata kutu haijapata zamu. Kwa hiyo unakichovya kwenye pipa la dawa, unakifunga waya wa hasi, upande wa pili unaning'iniza bamba la nikeli kwenye waya wa chanya, unafungua umeme. Nikeli inaondoka kwenye bamba na kwenda kukaa juu ya chuma chako. Ndiyo elimu yote hiyo. Inayobaki ni elimu ya namna ya kuiharibu, na hiyo mimi nina shahada.

Aliyenifundisha aliitwa Fundi Athumani, mtu wa Tabora, mwenye mapipa matatu nyuma ya duka la baiskeli mjini Shinyanga. Tulikuwa tunavika nikeli usukani wa baiskeli. Kijana akitaka kwenda kuposa, analeta usukani wenye kutu, anaondoka nao unang'aa mpaka mkwe anajiona meno. Ndoa ngapi zimesimama kwa nikeli yetu sijui, wala zilizovunjika baada ya nikeli kubanduka sitaki kuzijua.

Fundi Athumani alikuwa na sheria moja, na alikuwa na kipande cha mpira wa kumwagilia cha kuikumbushia. Chuma kikishaoshwa, kisikauke. Ukikitoa kwenye tindikali, kitie kwenye maji safi, ukikitoa kwenye maji kitie kwenye pipa la nikeli, mbio, kikichuruzika. Kikikauka njiani kinashika kutu nyembamba usiyoiona kwa macho, na nikeli ikikaa juu ya hiyo kutu itabanduka kama ganda la kitunguu. Tena alinionyesha jinsi ya kuyasoma maji. Yakitanda juu ya chuma kama shuka, chuma ni safi. Yakijikunja matone matone, bado kuna mafuta, rudi ukaoshe. Hicho kipimo hakihitaji betri na hakijawahi kunidanganya.

Siku moja nilisimama na usukani mkononi nikimwamkia mgeni. Shikamoo, marahaba, habari za Kolandoto, nzuri. Usukani ukakauka. Fundi Athumani alisubiri mgeni aondoke kwa adabu zote, kisha akanichapa ule mpira mara tatu. "Mgeni ni wa kwako," akasema, "chuma ni cha kwangu." Tangu siku hiyo mikono yangu ikajua maji kuliko miguu ya bata.

Sasa ruka miaka mingi, maana ile ya katikati ilikuwa ya mapipa tu na kikohozi. Nikawa msimamizi wa idara ya kuvika chuma kwenye karakana ya Bwana Anwar, Mhindi wa hapa hapa, mzaliwa wa Shinyanga, anayeongea Kisukuma akikasirika. Tulikuwa watu tisa. Kazi kubwa ilikuwa bushi za pampu. Bushi ni kipande cha chuma kama bangili nene kinachovishwa shafti ya pampu, ili kiliwe chenyewe na shafti ipone. Pampu zenyewe zilikuwa za wachenjuaji, wale wanaosaga mawe kwenye karasha na kusukuma matope kwenda kutafuta dhahabu. Mchanga uliosagwa vile ni msasa unaotembea.

Mteja wetu mkali kuliko wote alikuwa Mama Kulwa wa Masumbwe, mama mwenye karasha mbili, pampu nne, na sauti ya pampu ya tano. Kila baada ya wiki chache alikuja na bushi zilizolika, anazimwaga mezani kwangu.

"Fundi Masanja, hii nikeli yako huwa unaipaka au unaichora kwa penseli?"

"Mama, ni mchanga wako."

"Mchanga ni wangu, ndiyo. Aibu ni ya kwako."

Bwana Anwar aliyasikia hayo mara nyingi mpaka akachoka. Akaniita. "Masanja, mapipa yako nayapenda, ila yenyewe hayanipendi. Bushi ngumu naweza kuagiza nje. Pale kwenye idara yako nataka kuweka mashine ya kukoboa mpunga." Nikamtajia watu tisa na watoto wao kwa majina. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kuna mtaalamu wa chuo kikuu anaomba mahali pa kujaribia njia mpya. "Nawapeni nafasi. Bushi moja. Ikidumu miezi mitatu kwa Mama Kulwa, idara inabaki. Isipodumu, mpunga."

Nikamsubiri mtaalamu. Nilitegemea mzee mwenye kitambi na mkoba. Akashuka binti mwembamba, miwani, raba nyeupe, Daktari Veronika.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Daktari yuko nyuma?"

"Ndiye mimi."

Basi. Akaingiza jiko la umeme, chungu cha grafaiti chenye mfuniko, mtungi wa agoni, gesi ile ya wachomeleaji, na makopo ya chumvi. Alisema njia yake haina maji kabisa. Unachanganya chumvi mbili, moja ya lithiamu, nyingine ya potasiamu, unaziyeyusha mpaka zinakuwa kama maji lakini si maji. Nikamuuliza kwa nini mbili. Akasema kila moja peke yake inaomba moto mkali sana, zikichanganywa zinalainika mapema. Nikamwambia hata wake wenza huwa hivyo mara chache. Hakucheka, aliandika. Kwenye hiyo chumvi ya moto unatia chumvi ya nikeli, halafu unatia unga wa kauri ili nikeli ikipanda kwenye chuma ipande na chembe za unga ndani yake, kama zege linavyobeba kokoto. Mchanga ukija unakuta kokoto.

"Unga wenyewe ni wa nano," akasema.

"Nano ndiyo nini?"

"Ni kitu kidogo sana babu. Kidogo kuliko unavyoweza kufikiria."

"Kama mshahara wangu?"

Hapo akacheka. Kisha akakunja uso akasema jambo moja, akalirudia mara mbili: chuma kiingie kikavu. Kikavu kabisa. Kioshwe kwa tindikali na maji kama kawaida, kisha kikaushwe kwenye oveni, kifungiwe kwenye mkebe mpaka saa ya kazi. Nikasema sawa binti. Moyoni nikasema, huyu mtoto hajawahi kuchapwa mpira.

Sasa sikilizeni vizuri, maana sehemu hii mafundi wengi wakiisimulia huwa wanasema "ikatokea ajali". Haikutokea. Niliileta.

Siku ya kwanza ya jaribio chumvi ilikuwa imeyeyuka, safi, unaona mpaka chini ya chungu. Daktari akatoka kidogo kwenda stoo kutafuta kibano cha mtungi wa gesi. Nikafungua mkebe, nikaitoa bushi. Ilikuwa kavu tangu jana. Nikaitazama nikaona rangi imefifia kidogo, nikajisemea hii imeshakufa, ikiingia hivi nikeli itabanduka na idara yangu itakoboa mpunga. Chini ya meza nilikuwa nimeficha ndoo ya maji safi, nimeifunika na gunia. Nikaichovya bushi. Maji yakatanda kama shuka, hakuna tone, Fundi Athumani angelia kwa furaha. Halafu, kwa kuwa mimi si mjinga kabisa, nikaifuta na kitambaa. Niliacha unyevunyevu wa heshima tu. Nilichosahau ni kwamba ile bushi ilikuwa na tundu la skrubu, na kitambaa hakiingii kwenye tundu la skrubu.

Nikaining'iniza, nikaishusha.

Mlio ulikuwa kama wa baruti za wachimbaji, ila hawa huwa wanapuliza filimbi kwanza. Tone moja la maji likiwekwa ndani ya chumvi ya moto ule haliungui, linageuka mvuke papo hapo na kutafuta mlango, na asiyekuwa na mlango hutengeneza. Mfuniko ukapiga bati la paa. Chumvi ikaruka ikaganda ukutani, nyeupe, kama mtu amepaka chokaa kwa hasira. Nyingine ikanishika mkono wa kulia kuanzia juu ya glavu mpaka kwenye kiwiko. Chungu kikapasuka.

Daktari aliingia mbio. Hakukitazama chungu. "Babu, macho! Fungua macho! Unaniona?" Nikamwona. Akaikung'uta chumvi kwa brashi, akapiga kelele yaletwe maji ya kupoza mkono. Shija, mwenzangu wa miaka mingi, akainama, akaifunua ndoo chini ya meza.

"Hii ndoo imetoka wapi?" akauliza.

Shija akaitazama ndoo, akanitazama mimi, akaanza kunimwagia mkono taratibu bila kusema neno tena. Huyo ndiye rafiki, na siku ile nilitamani asingekuwa rafiki kiasi hicho.

Bwana Anwar akaja, akatazama paa, akatazama ukuta. "Daktari, umeniletea bomu."

"Labda sikuikausha vya kutosha," Daktari akasema. "Ni kosa langu. Naomba radhi."

"Kesho kutwa chukua vitu vyako. Na wewe Masanja, waambie watu wako."

Na mimi, fundi mkuu, mtu wa sheria, mtu wa maji yanayotanda kama shuka, nikafanya nini? Nikashika mkono wangu nikaguna kwa maumivu. Nilijua kuguna vizuri sana siku hiyo.

Nyumbani mke wangu, Mama Limbu, alinifunga bandeji. Nilikuwa nimemweleza kisa chote isipokuwa ndoo. Usiku sikulala, asubuhi sikula. Kesho yake nikarudia kutolala na kutokula. Akauliza, "Baba Limbu, kinachouma ni mkono au ni mdomo?" Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza. Mwanamke akinyamaza unapomwambia anyamaze, ujue ameshashinda.

Siku ya kuondoka Daktari nikakuta makopo yamepangwa uwanjani, Bwana Anwar amesimama na orodha, na Mama Kulwa naye yupo, amekuja kulalamika kama kawaida yake. Watu wangu wanane wamekaa kwenye benchi kama wagonjwa. Nikasimama katikati.

"Bosi, bushi iliingia na maji. Niliichovya mimi. Ndoo ilikuwa yangu. Huyu Daktari aliikausha vizuri na alinikataza mara tatu."

Bwana Anwar akavua miwani. "Masanja, miaka ishirini na mbili hujawahi kuniambia umekosea. Nilidhani hukosei."

"Nilikuwa nakosea Bosi. Kwa siri."

Mama Kulwa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Gete, kweli kabisa, Masanja! Umemlipua mtoto wa watu kwa ndoo ya kuogea!" Akamgeukia Bwana Anwar. "Mpe tena nafasi huyu binti. Mnitengenezee bushi nyingine, hata ikilipuka sawa, maana hizi ninazopewa hata nguvu ya kulipuka hazina."

Bwana Anwar akamwambia Daktari arudishe makopo ndani. Sharti lilibaki lile lile, bushi moja, miezi mitatu, bila kupunguzwa hata siku moja. Na chungu kipya ninunue mimi, akasema, na nikanunua.

Daktari hakunikemea. Ningependa anikemee. Akakaa kwenye benchi na daftari akauliza, "Babu, kwa nini ulitia maji?" Nikamweleza habari ya kutu nyembamba, ya kitunguu, ya maji kutanda. Akaandika yote. Akasema Fundi Athumani alikuwa sahihi kwenye mapipa yake, kwa sababu pale adui ni hewa na maji ndiyo blanketi. Huku blanketi ni ile agoni chini ya mfuniko, na maji ndiyo adui. "Sheria ni ile ile," akasema, "chuma kisikutane na hewa. Kilichobadilika ni blanketi tu." Mimi na darasa langu la tatu nikaelewa kwa dakika moja jambo ambalo ningeweza kuliuliza kabla ya kutoboa paa. Tangu siku hiyo sikumwita binti tena. Nikamwita Daktari.

Nikawa mtu wa kukausha. Chumvi ya lithiamu inakunywa unyevu wa hewa kama mlevi, ukiacha kopo wazi muda wa kuvuta sigara imelowa. Kwa hiyo tulikausha chumvi, tukakausha chuma, tukakausha vibano, na kila tundu nikalichungulia kwa tochi. Mtu akija na jasho usoni nikamfukuza.

Ikabaki shida ya unga. Tulijaribu kwenye vipande vidogo, unga ukawa unagandana mabonge na kuzama chini ya chungu. Nikeli ikatoka na vipele. Shija akashauri tuongeze umeme, kwa sababu Shija dawa yake ya kila kitu ni kuongeza umeme. Tukaongeza, nikeli ikaota manyoya kama mgomba ulioungua. Mkitaka kuharibu kazi kwa haraka, ongezeni umeme, nawaruhusu.

Nikamuuliza Daktari, "Nyumbani unapika uji?"

"Napika."

"Unamwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka?"

Akanitazama. Akatazama chungu. "Nitapata mabonge," akasema polepole.

"Na hapa umepata."

Uji unakorogewa pembeni kwanza. Hapa hatuna maji ya baridi, basi tukausaga ule unga pamoja na chumvi ya potasiamu iliyokaushwa, kavu kwa kavu, kwenye kinu chake kidogo cha jiwe kinachotosha kwenye kiganja. Unga kidogo, chumvi nyingi, saga, ongeza chumvi, saga. Nilikaa kando ya oveni siku nne nikisaga kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa bado na bandeji. Kila chembe ikapata chumvi yake ya kuivaa, na ilipoingia kwenye moto ikaachana na wenzake badala ya kung'ang'ania. Nikafunga mnyororo wa baiskeli juu ya mfuniko, Shija akawa anapiga pedali polepole, bushi ikawa inazunguka ndani ya chumvi ikivikwa pande zote sawa. Umeme kidogo, subira nyingi. Shija alilia, lakini alipiga pedali.

Ilitoka mbaya. Ya kijivu, haina mng'ao, mkwe asingejiona hata pua. Shija akaigeuza geuza. "Hii imevikwa au imezikwa?" Tukaiosha chumvi iliyoganda juu yake, kwa maji, kwa sababu sasa ilikuwa imeshapoa na maji yalikuwa yameruhusiwa kurudi kazini. Nikaikwaruza na tupa. Tupa ikateleza.

Mama Kulwa akaichukua akaondoka. Mwezi ukaisha, hakuja. Wa pili ukaisha, hakuja. Kwenye kazi yetu mteja asiyerudi ama ameridhika ama amehamia kwa fundi mwingine, na huwezi kujua kwa kukaa mlangoni. Fundi wa kupima nafasi ya mashine ya kukoboa alikuwa ameshakuja na futi yake, akaweka alama za chaki sakafuni katikati ya mapipa yangu. Watu wangu walikuwa wanaziruka zile alama kama wanaruka nyoka.

Mwezi wa tatu ulipotimia Bwana Anwar akatutuma Masumbwe, mimi na Daktari, tukailete bushi aione. Tukamkuta Mama Kulwa kwenye karasha, vumbi tupu.

"Mwangaluka Mama."

"Mwangaluka. Mmefuata nini?"

"Bushi."

Akazima pampu, tukafungua. Daktari akapima unene kwa venia, ile rula yenye meno ya kubana, mara nne, kisha akanipa mimi nipime. Ilikuwa imelika unene wa unywele. Labda. Daktari akakaa chini kwenye gunia la mawe akaficha uso, na mimi nikajifanya natafuta spana.

"Tunaichukua tukamwonyeshe Bwana Anwar," nikasema.

Mama Kulwa akaweka mguu juu ya pampu. "Haitoki."

"Mama, idara yetu..."

"Haitoki, Masanja. Ukiitoa utaniletea ile ya penseli. Mwambie Anwar akitaka kuiona aje yeye."

Nikampigia simu. Alifika mchana, na suruali nyeupe na viatu vya msikitini, akapita kwenye matope ya karasha mpaka magotini. Akainama. Akaigusa bushi kwa kidole, akaitazama muda mrefu, akasema kitu kwa Kisukuma ambacho siwezi kukiandika hapa. Kisha akauliza, "Nyingine kama hizi mnatengeneza ngapi kwa mwezi?" Tuliporudi Shinyanga Shija alikuwa ameshachukua ufagio na maji, anafuta chaki.

Daktari aliandika ripoti. Alinisomea. Ule usagaji wa kinu umepata kurasa nne na michoro, na mlipuko umepata mstari mmoja: "kosa la mtendaji". Nikamwambia yuko sahihi, ila mtendaji alikuwa na nia njema. Akasema sayansi haina safu ya nia njema. Wabeja, asante sana, Daktari.

Nilistaafu mwaka juzi. Idara ipo, watu kumi na wanne, Shija ndiye msimamizi na bado anapenda kuongeza umeme. Wakikuajiri pale, usijifanye unajua, uliza, na ukikosea sema siku hiyo hiyo. Mimi nilisema siku ya tatu, na siku mbili zile ndizo ghali kuliko chungu.

Nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, upande wa Kolandoto. Ng'ombe kumi na mmoja, mmoja anachechemea. Majaruba matatu ya mpunga. Pikipiki ya matairi matatu, anaiendesha mjukuu kwa masharti yangu. Kuku, idadi yao anaijua Mama Limbu. Baiskeli moja. Redio inayoshika stesheni mbili. Meno kumi na tisa, yote ya kwangu.